Jiwe la Mistari Kihambani Kwetu

Sakafu ya saruji niliiona mara ya kwanza misheni ya Kilema, nikiwa mtoto. Tuliipapasa kama mgongo wa ndama. Shule sikukaa sana, lakini ile sakafu niliielewa. Tangu hapo naona kila mtu mlimani kwetu anataka saruji, na mdogo wangu ndiye aliyezidi. Alikuwa na duka Dar, na kila Krismasi akipanda Marangu alilalamika kwamba nyumba ya baba inamtia aibu mbele ya wakwe zake. Krismasi moja, mbege yenyewe, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa chachu lakini hayo tuyaache, akaanza kujenga.

Kati ya migomba ya kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, palikuwa na jiwe lenye kunifika kifuani, limechongwa mistari upande mmoja. Sisi tulilianikia magunia tu. Siku hiyo nilirudi kutoka kukata majani ya ng'ombe, nikakuta mdogo wangu amelivunjavunja kwa nyundo, na fundi amekwisha kulizika msingini palepale liliposimama, zege juu.

"Kokoto ya bure, kaka," akaniambia, anacheka.

Jioni akaja shangazi yetu, ndiye mzee pekee tuliyebaki naye. Shikamoo zetu hakuziitikia. Aliuliza jiwe liko wapi, mdogo wangu akamwonyesha msingi. Shangazi akakaa chini, udongoni hapohapo.

Ndipo akatueleza. Zamani mtu akizikwa, baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likawekwa kihambani, chini ya jiwe. Katika ukoo wetu kila mtoto wa kiume akianza boma lake alikuja kuchonga mstari wake, ili mzee aliye chini ajue kwamba watu wake hawajaisha. Baba alikufa kabla ya kutuambia.

"Huyo ni babu wa baba yenu," alisema. "Umemmwagia zege."

Fundi aliweka koleo chini. Mimi nikashika mgomba.

Shangazi akachuma jani la masale, lile ambalo kwetu ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Akalifunga fundo, akamnyooshea mdogo wangu.

"Shika, baba. Kamwombe. Atakusamehe."

Alilitazama lile jani, mikono ina saruji mpaka viwikoni. Hakulipokea. Alimpita shangazi, akaingia kwenye kahawa, akatokea barabarani, akashuka kuelekea Himo kwa miguu. Hajarudi mpaka leo.