Baiskeli Iliyoanguka Huinuliwa na Wawili

Asubuhi niliyoanza kazi sikuwa na mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, na miguu yangu haikupenda kukaa. Nilitoka nyumbani kwetu Kindu, nikashuka hadi kivuko cha mto Lualaba, nikakuta wanaume wakifunga magunia ya chumvi kwenye baiskeli. Ilikuwa wakati wa vita. Treni haikuja tena, na watu wa msituni walipata chumvi kwa nguvu za wanaume hao.

"Weye unatazama nini?" aliniuliza kapita, yaani msimamizi wa msafara, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe na ulimi mkali.

"Nataka kujua munaenda wapi."

"Lubutu, kule msituni. Kujua ni bure, kufika njo iko na jasho. Shika ile."

Hivyo nikaajiriwa, kwa Kiswahili chetu cha Kindu ambamo "ndiyo" ni "njo". Baiskeli ya mizigo haipandwi, husukumwa. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani ili kuuongoza, nyingine husimama nyuma ya kiti, na hiyo ndiyo ya kusukumia. Ikianguka na magunia yake, mtu mmoja hawezi kuiinua. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa kwamba anayepita huegesha yake na kushika upande wa pili, hata kama jana mlitukanana.

Kindu kulikuwa na kambi ya askari wa kigeni waliokuja kulinda amani. Tulipowapelekea makaa, tulipokewa na mpishi wao mkuu, mtu wa Asia aliyefuata mafundisho ya Buddha. Kiswahili alikiokota sokoni. Mfungwa na ofisa aliwapakulia kwa kijiko kilekile, kwa upole uleule. Mpaka leo sijaona mwingine wa namna ile. Nilimganda kwa maswali. Alinieleza kwamba Buddha alikuwa mwana wa mfalme, akaona uzee, ugonjwa na kifo, akaacha jumba lake kwenda kutafuta jinsi mateso yanavyokwisha.

"Aliondoka tu, bila kujua aendako?" niliuliza kwa furaha.

"Usijilinganishe," kapita akadakia. "Yeye alikimbia jumba. Weye ulikimbia hesabu."

Mpishi alicheka, kisha akanifundisha zoezi: tulia, jitakie mema mwenyewe, halafu mtakie rafiki, halafu mtu usiyemjua, mwisho adui. Chuki na tamaa, alisema, ni moshi machoni. Ukipungua, mtu huanza kuamka.

Nilifanya zoezi hilo nikisukuma. Watatu wa kwanza walinijia kwa urahisi. Wa nne alinishinda kila mara: mtu mwenye bunduki aliyetupora msituni safari yangu ya kwanza na kumvunja kapita mkono, tukarudi Kindu bila kufika Lubutu.

Mkono ulipopona tulirudi njia ile, na tukikaribia Lubutu tukamkuta huyohuyo kando ya njia. Bunduki hana, homa inamtetemesha, wenzake wamemtupa.

"Kapita, njo yeye."

"Nimemuona."

"Tupite?"

Kapita alimtazama, huku akiupapasa mkono wake uliopinda. Kisha akaegesha baiskeli.

"Muntu ameanguka. Shika upande wa pili."

Tukaficha kichakani magunia ya baiskeli ya kapita, tukamfunga mgonjwa juu yake mahali pa chumvi.

Sasa nimezeeka, nimeacha kusukuma, na njia ile ni ya pikipiki. Vijana wa Kindu huniuliza kama mafundisho ya mpishi yalinifikisha kwenye huko kuamka. Sijui. Huwaeleza tu tulivyofika Lubutu alasiri ile, mimi kwa mara ya kwanza, wingu la mvua likitufuata.

Mlango tuliobisha ulifunguliwa na mama mmoja mjane.

"Karibuni, baba zangu. Na huyu mugonjwa?" Akainama kumtazama, akarudi nyuma. "Huyu! Njo alikula mbuzi zangu!"

"Na chumvi yetu," kapita akasema. "Mama, akilala nje atakufa. Lakini ukikataa, hatutakulaumu."

Mama alisimama ameshika mlango. Matone ya kwanza yakaanza kupiga majani ya paa.

"Akifa hapa nje, mbuzi watarudi?" aliuliza, nadhani akijiuliza mwenyewe. "Mumuingize. Na nyinyi mupanguse miguu."

Alitandika mkeka wake mwenyewe karibu na moto, akamnywesha uji kidogo kidogo mpaka mtetemeko ule ukatulia. Sisi tulilala ng'ambo ya moto, chini, na nilikuwa sijawahi kupata malazi mazuri kama yale.