Gari la Zimamoto Laenda Ng'ambo

Mtaani walimwita Kigari, na jina hilo alilipata baada ya kuachana na magari makubwa. Miaka mingi alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mpaka mgongo ulipomgomea. Daktari akamwambia achague moja, usukani au miguu. Alichagua miguu, akarudi nyumbani na begi la nguo na katoni la vigari vya kuchezea alivyokuwa akivinunua njiani kwa miaka yote hiyo. Vilikuwa vigari vya chuma, vya zama zile ambapo mtoto akimrushia mwenzake kigari, mwenzake anapelekwa kushonwa.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, alipoliona lile katoni alishika kiuno.

"Shuleni vigari, nyumbani vigari," alisema. "Sasa mimi nikapumzikie wapi?"

Lakini vigari hivyo ndivyo vilivyokuja kuwalisha. Kigari aligundua kwamba mitandaoni wapo watu wazima, wenye vyeo vyao na vitambi vyao, wanaotafuta kigari walichonyang'anywa na dada zao utotoni. Akageuza chumba cha uani kuwa karakana. Mezani palikuwa na lenzi ya kukuzia, brashi nyembamba kama kope, na makopo ya mtindi yaliyojaa matairi madogo ya mpira. Alijifunza kutopaka rangi mpya, maana mkusanyaji wa vitu vya kale hataki kijana aliyejipodoa, anataka mzee aliyetunzwa. Alisafisha, akapiga picha juu ya shuka jeupe, akauza. Mzigo ukipanda basi leo, kesho mteja anapiga simu: nimepata, asante fundi.

Nje ya nchi hakuuza, ingawa aliwahi kujaribu. Mara moja tu alimtumia mtu wa mbali basi la ghorofa lenye boksi lake la awali, kitu adimu. Yule mtu akatuma picha ya jiwe. Ati ndilo alilolikuta ndani. Wenye soko la mtandaoni wakasikiliza pande zote mbili, wakaamini picha. Pesa zikarudi kwa mnunuzi, na basi halikurudi kwa yeyote. Lililomchoma zaidi Kigari ni kwamba lile jiwe lilikuwa limechaguliwa kwa makini, la ukubwa uleule wa basi. Siku hiyo aliandika juu ya ukurasa wa duka lake: NDANI YA NCHI TU. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Yalikaa hivyo mpaka alipoweka picha ya gari la zimamoto. Lilikuwa jekundu, lenye ngazi ya kuzunguka na kengele ndogo kama punje ya dengu, na rangi yake haijaguswa tangu kiwandani. Asubuhi iliyofuata akakuta ujumbe.

"Mwanangu, hilo gari nimeliendesha. Lile kubwa lenyewe, nilipokuwa kituo cha zimamoto. Nitumie."

Kigari aliangalia anwani. Ng'ambo, tena mbali.

"Shikamoo mzee. Naomba radhi, nje ya nchi situmi."

"Marahaba. Mimi si mtu wa nje. Ni mtu wa hapohapo, nimehamishwa tu na watoto wangu."

Kigari alicheka peke yake, akaiweka simu kando. Mzee hakukata tamaa. Aliandika kwamba ngazi ya gari lile ilikuwa na tabia ya kugoma asubuhi za baridi, na dawa yake ilikuwa kuipiga kofi ubavuni kama punda mkaidi. Akaandika kuhusu moto wa ghala la pamba, jinsi walivyomwaga maji kutwa nzima na pamba ikaendelea kuwaka kwa ndani. Mwisho akaandika: "Huku nakaa ghorofani na wajukuu wasiojua kazi niliyofanya. Nataka waione."

Jioni Kigari alimsomea mkewe. Mkewe alikuwa anakata makaratasi ya rangi kwa ajili ya darasa, na mkasi wake haukusimama.

"Utapeli nao siku hizi una mvi," alisema.

"Huyu analijua gari."

"Na yule wa jiwe hakulijua basi? Asingelijua, angelichaguliaje jiwe la kulitosha?"

"Mke wangu, kwa kosa la mmoja nimewafungia wote."

"Ukiwafungulia wote, yule mmoja naye ataingia." Aliweka mkasi chini. "Mimi sikukatazi. Ila ukilia, usinililie mimi."

Kigari alilala na hayo, akaamka nayo. Alipokubali, mzee alituma pesa kupitia soko la mtandaoni, ambako hukaa mpaka mnunuzi athibitishe kwamba amepokea mzigo. Kisha akaongeza ombi.

"Kwenye fomu andika zawadi. Huku ushuru unauma."

"Mzee, hiyo siwezi. Si zawadi."

"Wote wanaandika zawadi."

"Ndiyo, lakini jina litakalokuwa chini ya hayo maneno ni langu."

Mzee akatuma neno moja: "Haya."

Kigari alilivingirisha gari kwa pamba, akalizungushia plastiki ya vipovu, akaliweka katika boksi lililowekwa ndani ya boksi jingine, akafunga kwa utepe wa gundi wa kahawia mpaka mkewe akamuuliza kama anazika maiti. Kwenye dirisha la vifurushi la posta alimwandikia karani ukweli mtupu: gari la kuchezea, la chuma, la zamani, limeuzwa. Alipotoka nje aliona mikono yake haina kazi.

Kuanzia hapo akawa mtumwa wa namba ya kufuatilia mzigo. Akinywa chai anaitazama, akisafisha kigari anaitazama. Mzigo umeondoka. Mzigo umefika. Mzigo uko forodha. Hapo forodha ukakaa, na kila alipofungua ukurasa, neno lilikuwa lilelile: unasubiri ukaguzi. Mzee alianza kuandika kila asubuhi, maneno yakipungua kadiri siku zilivyokwenda. Liko wapi? Mbona kimya? Kisha: "Ungeandika zawadi." Kisha: "Nilikuambia."

Hatimaye ukurasa ukabadilika: mzigo umekabidhiwa. Kigari akaita, "Mama watoto, limefika," na kabla mkewe hajatoka jikoni, picha ikaingia kwenye simu. Boksi liko wazi juu ya meza ya kioo. Ndani kuna pamba na plastiki ya vipovu. Gari halimo. Chini ya picha mzee ameandika: "Umenitumia hewa."

Kigari aliketi, na mgongo ukamkumbusha kwamba bado upo. Alipiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikiana sauti.

"Mzee, gari nililiweka kwa mikono yangu."

"Na mimi boksi nimelifungua kwa mikono yangu."

"Basi limekwenda wapi?"

"Waniuliza mimi? Wewe ndiye uliyelifunga." Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba, haikupanda, na hilo lilitisha kuliko kelele. "Nimenunua vitu kutoka nyumbani mara tatu. Mara tatu nimeliwa. Watoto wangu waliniambia, baba, acha. Nikasema huyu ni tofauti, huyu amekataa hata kuandika uongo kwenye fomu. Kumbe ulikuwa unanitengeneza."

"Mimi nimewahi kutumiwa picha ya jiwe, mzee. Najua mchezo huu unavyochezwa."

"Unaniita mwizi?"

"Wewe umeniita nani?"

Simu ikakatwa. Haukupita muda, soko la mtandaoni likamwandikia Kigari kwamba mnunuzi amelalamika, pesa zimezuiwa, na duka lake limefungwa mpaka shauri limalizike. Vigari vyote alivyokuwa ameviweka vikatoweka mbele ya wateja. Alifungua ukurasa wake akauona mweupe kama shuka lake la picha.

Mkewe hakusema nilikuambia. Alipakua chakula, akaosha vyombo, akafuta meza. Kigari angepewa kuchagua, angechagua kugombezwa.

Kesho yake alikaa karakanani ameshika simu. Wakusanyaji wa vigari wana kundi lao mtandaoni, na neno likiingia humo linasambaa kama moto wa nyasi. Aliandika: Jihadharini na mzee huyu. Akaweka picha ya mzee, aliyoitoa kwenye ukurasa wake, kavaa koti zito, ameshika fimbo. Akaweka anwani. Kidole kilikuwa juu ya kitufe mkewe alipoingia na kuisoma skrini juu ya bega lake.

"Usitume."

"Wewe ndiye uliyesema tapeli ana mvi."

"Nilisema. Na kama si yeye?"

"Ni nani basi?"

"Sijui. Ndiyo sababu nakuambia usitume. Neno likitoka kwenye hilo kundi hutalirudisha. Niletee ile picha ya boksi."

"Nimeitazama mpaka imenichosha."

"Umeitazama kwa hasira."

Aliichukua simu, akaisogeza dirishani penye mwanga. Mwalimu wa chekechea siku nzima anashinda na gundi na karatasi, na alipoikuza picha kwa vidole viwili alikunja uso.

"Wewe ulifungia utepe gani?"

"Wa kahawia. Ulinicheka."

"Huu hapa juu ni wa kahawia, umekatwa kwa kisu. Lakini juu yake kuna mwingine mweupe, una maandishi. Kuna mtu alilifungua hili boksi akalifunga tena kabla ya mzee."

Kigari alimnyang'anya simu karibu aiangushe. Ni kweli. Alifuta ule ujumbe wa kundi neno kwa neno, kisha akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Unataka nini?" mzee aliuliza.

"Mzee, samahani kwa maneno ya jana. Naomba swali moja tu. Boksi lilipofika, lilikuwa na utepe mweupe wenye maandishi?"

Ukasikika mburuzo wa fimbo sakafuni, na mshindo wa kitu kikitolewa kwenye ndoo ya taka.

"Upo," mzee alisema polepole. "Nilidhani ni wako."

"Si wangu. Umeandikwa nini?"

"Miwani sina." Aliita mjukuu, wakazungumza lugha ambayo Kigari hakuielewa, kisha akarudi. "Ni wa forodha."

"Basi wao ndio waliolifungua," Kigari alisema. Mzee hakusubiri aambiwe la kufanya.

"Nitakwenda mwenyewe. Wakiniona na hii fimbo hawatanifukuza."

Ilikuwa siku ndefu kuliko safari yoyote Kigari aliyowahi kuendesha. Hakugusa brashi. Mkewe aliporudi kutoka kazini alimkuta amekaa palepale, akamletea maji bila kuulizwa. Jioni simu ikaita.

"Ninalo," mzee alisema, na pumzi zake zilikuwa za mtu aliyepanda ngazi. "Lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, juu ya rafu yao. Walilitoa kulipima risasi, wakasahau kulirudisha, boksi likaja lenyewe."

"Risasi? Mzee, ni gari la kuchezea, mimi silaha sijawahi—"

"Risasi ya kwenye rangi, mwanangu, si ya bunduki. Rangi za zamani zilichanganywa na hayo madini. Huku wanaogopa watoto wasilambe." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Wamenipa karatasi ya kutia sahihi kwamba sitalilamba."

Kigari alicheka, na akiwa katikati ya kicheko akajikuta macho yamelowa. Mkewe akageuka kutazama kwingine.

"Ila ngazi imevunjika," mzee aliendelea. "Wao ndio waliovunja, si wewe. Nimeshaondoa malalamiko. Na yale niliyokuambia..."

"Tulisemana wote, mzee. Yaishe."

"Yameisha."

Duka lilifunguliwa siku mbili baadaye. Kigari alichomoa ngazi nzima kutoka kwenye kigari kibovu cha aina ileile, akaituma katika bahasha, na safari hii kwenye fomu aliandika zawadi, kwa kuwa ilikuwa zawadi kweli. Mzee alijibu kwa picha ya watoto wawili wamelala kifudifudi zuliani, gari katikati yao, ngazi imenyooshwa hadi mguu wa kiti.

Baada ya hapo maombi ya ng'ambo yaliendelea kuja. Jioni moja Kigari alikaa mbele ya ukurasa wa duka lake, mkewe akiwa nyuma yake na mkasi wake, akafuta yale maneno ya ndani ya nchi tu. Akabaki anatazama nafasi iliyoachwa.

"Andika tunatuma popote," mkewe alimjaribu.

"Sithubutu."

"Basi rudisha yale ya zamani."

"Nayo siyataki tena."

Alifikiri, akaandika kwa kidole kimoja kama kawaida yake: Walio nje ya nchi, tupigiane simu kwanza. Mkewe aliisoma, akasema neno "kwanza" lisogezwe mbele lionekane, naye akalisogeza.