Mchora sura za mikate na filamu ya watoto wauaji

Asubuhi bado ina baridi kali, na Doña Severina Poma anapuliza sura ya mzee mwenye masharubu ili rangi ikauke. Sura yenyewe ni ya jasi, ndogo kama kifuniko cha chupa. Anailaza juani kwenye kipande cha gunia, anachukua nyingine, ya mwanamke mwenye kofia, na kuipaka mashavu mekundu.

Mezani kwake, katika soko hili la El Alto, nchini Bolivia, kuna wazee, kuna wanawake wenye kofia, kuna hata mapadri wawili. Hakuna mtoto hata mmoja.

"Usinipige picha mikono," anamwambia mwandishi bila kuinua macho. "Na huo mkoba ufungue kwanza nione. Umetumwa na watu wa sinema?"

Mkoba unafunguliwa. Mna kalamu, karatasi na machungwa mawili. Anachungulia kwa muda mrefu kuliko mkoba unavyostahili, kisha anasogeza kigoda.

Severina, 58, hutengeneza sura zinazobandikwa kwenye wawa, mikate yenye umbo la mtu ambayo familia huwaokea marehemu wao kabla ya Sikukuu ya Wafu. Aliyefiwa na baba hununua sura ya mzee. Aliyefiwa na mtoto hununua sura ya mtoto. Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na kalibu. Wiki tatu za Oktoba humpatia kama boliviano 2,000, fedha zinazomvusha hadi Februari. Miezi mingine anafua nguo za watu.

Mwaka huu wiki hizo zimegongana na filamu.

Ni filamu ya kutisha, na imekuwa ikijaza ukumbi tangu mwisho wa Septemba. Watoto waliokufa katika kijiji cha wachimba madini wanarudi siku ya sikukuu na kuwaua watu wazima, nyumba baada ya nyumba. Wamevaa vinyago vyeupe vyenye mashavu mekundu. Kwa macho ya mtu yeyote wa hapa, vinyago hivyo ni sura za Severina zilizokuzwa.

"Alikuja kijana mmoja mwezi Machi," anasimulia. "Nani ananunua sura Machi? Nikamuuliza, 'Mwanangu, nani amekufa?' Akasema hakuna, ni za shule. Nikamtilia shaka palepale. Lakini Machi sina hata sabuni ya kufulia, nikamuuzia. Akachagua za watoto tu. Mzee hata mmoja hakumtaka."

Ng'ambo ya njia, Doña Nicolasa Tarqui, muuza vitunguu, amesikia.

"Msikilize tajiri wa sinema!" anapaza sauti. "Anajidai kupaka rangi, na dola zimejaa chini ya godoro!"

"Njoo uzitafute, shoga. Ukizipata tunagawana."

"Niingie chumbani kwako? Na wale watoto wako wamo humo? Thubutu!"

Soko linacheka. Severina anacheka pia, lakini anavuta shali hadi kidevuni.

Jumamosi mchana, nje ya ukumbi wa sinema, watazamaji wanatoka wakipepesa macho kwa mwanga. Maoni yao hayafanani.

"Upuuzi mtupu," anasema fundi viatu mmoja. "Mtoto wa miaka sita atamwangushaje baba mzima mchimba madini? Wametudanganya." Anapiga hatua mbili, anarudi. "Ila jana nilimgeuza mdoli wa binti yangu aangalie ukutani. Usiandike jina langu."

Mwanafunzi wa uuguzi anaona watoto hawana kosa. "Waliwaacha wafe mgodini, halafu wanataka warudi na maua?"

Mke na mume wanabishana. Mke anasema filamu ni ndefu mno. Mume anasema kilichomtisha ni macho. "Yale hayakuangalii wewe. Yanamwangalia aliyekaa kando yako."

"Aliyekaa kando yako ni mimi!" anasema mkewe.

"Ndiyo maana nikaogopa."

Severina naye alikuja hapa wiki ya kwanza, akasimama karibu na muuza bisi, shali imemfunika uso, akasikiliza. Kisha alinunua tikiti. Hajawahi kumwambia mtu sokoni.

"Nilitaka kujua wamewafanya nini," anasema. Suala la macho analijua vizuri. Mama yake alimfundisha kuchora macho ya mtoto yakitazama pembeni, kwa sababu mkate hulazwa mezani na mama huketi upande huo. "Mkate ukilala, mtoto anamtazama mama. Wao wamewasimamisha. Basi mtoto anatazama wapi? Anahangaika tu. Hata mimi nilishtuka, na macho ni yangu."

Wiki iliyofuata Don Gualberto Ticona, mwoka mikate anayekodisha tanuri kwa familia za mtaa na kuwanunulia sura kwa jumla, alifika mezani kwa Severina. Hakukaa.

"Mama Severina, mwaka huu usiniletee watoto."

"Nani kasema?"

"Wateja wanasema. Mmoja kaniambia wawa wa mtoto ukiingia tanurini pamoja na mkate wake, hauchukui tena mkate huo. Nichome kuni zangu bure?"

"Na wewe, Gualberto, unaamini?"

"Mimi siamini kitu. Lakini tanuri ni la kwangu."

Gualberto anathibitisha kwamba ndivyo walivyoongea. Anaongeza kuwa oda zote zimepungua, si za watoto tu, na kwamba unga umepanda bei. Huenda filamu inabebeshwa mzigo usio wake wote. Alipoulizwa kama ameitazama, alisema hapana, hana haja, amesimuliwa.

Severina alizifungia kalibu tano za watoto kwenye kitambaa na kuamua msimu huu azipumzishe. Wateja waliouliza aliwaambia zimevunjika. Wengi, anasema, walionekana kupata nafuu.

Basilia Huanca hakupata nafuu.

Alifika Jumanne, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Alitaka sura ya mtoto wa kiume. Severina akamwambia zimevunjika. Basilia akaangalia mezani, akaangalia tena usoni mwake.

"Unaniongopea, mama."

"Sikuongopei, dada. Zimevunjika."

"Hata hujanyoosha shingo kutafuta. Sema tu unaogopa kama wale wengine."

Severina alimpima mtu huyu kwa macho. Siku hizi anashuku kila anayeuliza watoto: anaweza kuwa wa sinema, wa gazeti, au ametumwa na Gualberto kumchunguza. Akamuuliza, "Umeiona filamu?"

"Mara mbili."

"Mara mbili! Na hukuogopa?"

"Nilipiga kelele kama watu wote," Basilia alisema. "Lakini mwanangu Elmer alikufa Juni. Watu walipofumba macho wale watoto wakigonga milango, mimi niliyafumbua. Nikasema, we mwanamke, fungua! Atakuja kukuua? Na aje. Ila agonge."

Doña Nicolasa, aliyekuwa amekuja kuomba chenji, aliondoka bila kuichukua.

Severina akauliza kama mtoto alikuwa na meno yote, ili amchore alivyokuwa. Elmer alikuwa amepoteza moja la mbele wiki chache kabla ya kuugua. Usiku huohuo kalibu zikatoka kwenye kitambaa.

Tangu Jumanne hiyo wamefika wanawake wengine saba, mmoja mmoja, wakinong'ona kana kwamba wananunua kitu kilichoibwa. Watoto wao anawapaka rangi nyumbani na kuwapeleka wamefungwa kwenye karatasi. Tatizo lililobaki ni moto, maana Gualberto hajabadili msimamo na majirani wanataka awe vilevile.

Kwa hiyo Severina amekodi tanuri jingine, mtaa wa mbali, kwa mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu inayotangulia ya Wafu. Mwenye tanuri ameuliza mara mbili mikate hiyo ni ya aina gani, na mara mbili amejibiwa, "Ya kawaida." Jibu hilo linamsumbua Severina. Anasema siku yenyewe hatalirudia.

"Nitakaa pale mlangoni mpaka ya mwisho iive," anasema, akinyanyua brashi. "Atakayepita na kuuliza, nitamwambia: ndiyo, humu ndani mna watoto. Mama zao wamekuja kuwachukua."