Fundi Cheche na Umeme wa Nyota

Fundi Cheche alikuwa na ngao moja tu ya kuchomelea, ile ya kushika mkononi, yenye kidirisha cha kioo cheusi. Miaka kumi na tisa mkono wa kushoto ulishika ngao, wa kulia ukashika moto. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, vyote vilipita kibandani kwake namna hiyo.

Ubishi ulianzia redioni. Siku hiyo, mchana, wataalamu wawili walikuwa wanazozana kuhusu ulimwengu. Mmoja alisema nyota na makundi yake yameshikwa na uvutano, nguvu ile ile inayoangusha nyundo. Mwenzake akasema hapana, kati ya nyota kumejaa plazma, gesi iliyochemka mpaka ikapitisha umeme, na mikondo ya umeme ndiyo iliyosokota kila kitu huko juu. Cheche akazima grainda, mashine yake ya kusagia chuma, asikie vizuri. Kumbe kile kimoto cha buluu kwenye ncha ya fimbo yake ya kuchomelea kina jina, na jina lenyewe la mbinguni!

Kuanzia hapo akawa upande wa umeme, kama watu wanavyokuwa upande wa timu.

Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa fizikia wa shule ya ng'ambo ya barabara. Mwalimu alikuwa ameagiza geti, na kila mapumziko alivuka kuja kulichungulia.

"Geti langu bado tu?"

"Lipo, mwalimu. Uvutano wako umelikandamiza, halinyanyuki."

"Acha utani. Mikondo mikubwa kiasi hicho ingeacha alama, sumaku zake zingepimika. Watu wamepima. Sumaku ipo, lakini hafifu, haiwezi kuzungusha kundi zima la nyota."

"Wamepima na nini? Futi kamba?"

"Na darubini za redio, bwana wee. Wewe una nini?"

"Nina macho."

Mwalimu akacheka, tena bila ubaya wowote. "Macho si kipimo, fundi. Lete kitu cha kuonyesha, ndipo tuzungumze."

Neno hilo Cheche alikwenda nalo hadi mezani. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akipaka mageti rangi, alimtazama akichezea chakula.

"Baba watoto, umenuniwa na nyota?"

Cheche akasukuma sahani. Alikuwa anawaza jambo alilowahi kuliona sakafuni: nyaya mbili zenye umeme unaokwenda upande mmoja hurukiana, kama zinaitana. Basi na mioto je? Plazma tupu, bila waya? Ikivutana mbele ya macho ya mwalimu, atasema nini tena?

Akaazima mashine ya pili kwa fundi jirani. Fimbo moja mkono huu, fimbo nyingine mkono ule, bamba la chuma chini.

"Na ngao?" mkewe akauliza.

"Nina mikono mingapi?"

"Basi mimi nikushikie."

"Ukinishikia naona kidoa tu. Kioo kinaficha nyuzi za moto, na nyuzi ndizo ninazozitafuta."

Akavaa miwani ya jua, akawasha.

Siku ya kwanza mioto ilimzimikia. Jioni macho yakawa kama yamejaa mchanga, lakini hilo kila mchomeleaji analijua. Mkewe akamkatia vipande vya kiazi kibichi, akambandika, na asubuhi akaamka mzima. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mioto miwili ikawaka pamoja, ikatulia, halafu ikainamiana. Ikainamiana kweli, kama watu wawili wanaonong'onezana. Cheche akapiga ukelele watu wakageuka barabarani.

"Umeona? Mama watoto, umeona?"

Akainua kichwa amtazame mkewe. Akaona kitambaa chake cha kichwa, akaona mabega. Katikati, penye uso, palikuwa na doa jeusi lenye ukingo wa zambarau.

Walingoja wiki. Mchanga ukaisha, doa likabaki. Daktari wa zahanati alimulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia la kwanza.

"Juu kumepona. Hili liko nyuma, kwenye pazia la jicho. Pameungua."

"Litatoka lini?"

Daktari akaizima tochi, akaanza kuandika.

Cheche alikataa kumwachia mtu geti la mwalimu. Alilimalizia kwa kusikiliza, maana moto mzuri unalia kama mafuta ya kukaangia. Mshono wa mwisho ukaacha njia upana wa kidole. Mkewe akachukua grainda aufute, lakini mwalimu, aliyekuwa amelifuata geti lake, akamzuia.

"Uache, shemeji. Utabaki hivyo hivyo."

Ndipo Cheche akamsimulia yote: nyaya, mikono miwili, mioto ilivyoinamiana. Alisimulia akitabasamu. Mwalimu akapitisha kidole kwenye ule mshono.

"Basi?" Cheche akasema. "Umeshindwa?"

"Fundi... hilo hakuna anayelibisha."

"Hilo lipi?"

"Kwamba mikondo huvutana. Limo kwenye kitabu cha shule, ningekuonyesha siku ile ile. Hata wale wa redioni walikubaliana hapo. Wanachogombania ni kama huko juu umeme uko mwingi wa kutosha kusokota nyota." Akaondoa kidole kwenye mshono. "Nilikwambia ulete kitu. Nilikuwa natania tu."

Cheche alipapasa benchi mpaka akazipata zile fimbo mbili, vipande vifupi vilivyobaki. Akazishika, akaziweka.

Geti likaenda. Mashine ya jirani ikarudi kwa mwenyewe. Mwalimu hakuacha kuvuka barabara kila mapumziko, na kila mara alikuja na uchokozi wake.

"Fundi! Leo nasema jua halina umeme hata chembe. Utanifanya nini?"

Cheche akakung'uta vumbi kwenye benchi.

"Bisha basi, ndugu yangu. Nitukane hata."

Cheche akageuza shingo pembeni kidogo, kama anavyofanya siku hizi akitaka kupata ukingo wa kitu.

"Naona masikio yako, mwalimu. Uso wako siupati. Nitabishana vipi na masikio?"

Kengele ya shule ikalia ng'ambo. Mwalimu hakunyanyuka. Mke wa Cheche aliendelea kupaka rangi dirisha lililochomelewa na fundi mwingine, na brashi yake ilisikika ikienda na kurudi, ikienda na kurudi.