Neno Kwenye Dramu

Brashi alimwona Tarumbeta tangu kwenye kona, anavuka barabara na dramu kubwa tumboni kama mjamzito wa miezi tisa. Akainamia kibao cha kinyozi alichokuwa akikipaka rangi, akajifanya hajaona.

Mke wa Brashi alikuwa na miezi mitatu kaburini. Siku ile ya mazishi Tarumbeta ndiye aliyelia kwa sauti, mpaka watu wakamshika mabega. Brashi hakulia. Jambo hilo lilikuwa bado limemkaa kooni. Nani alikuwa mfiwa pale?

"Hodi, kaka."

"Pita."

Tarumbeta akalitua dramu mlangoni, akapumua. Zamani alikuwa na mashavu ya kupuliza, sasa yamening'inia. "Tunataka ulipake upya. Uandike Jazi."

"Si mlisema mmeachana na Jazi?"

"Tumerudi. Vijana wanalitaka neno la zamani. Wanasema lina ladha."

Brashi akacheka kwa pua. Neno hilo alilijua kuliko wao. Alilipaka yeye.

Wakati wao wakiwa vijana, bendi ilikuwa ni ya askari. Watu wa kofia na vifungo vya shaba, wanapiga huku wanatembea. Ngoma nayo ilikuwa ya baba zao. Kina Tarumbeta walikuwa na magitaa mawili, tarumbeta moja na dramu hilo, wakapiga wamekaa, hawakutaka kuwa askari wala kuwa baba zao. Mmoja akaliona neno kwenye karatasi ya santuri. Jazi. Muziki wenyewe walikuwa hawajausikia vizuri. Haikuwa shida. Jazi ikawa na mwenyekiti, katibu, suti za rangi moja na kadi ya uanachama. Ukisema fulani kaingia jazi, mama yake alijua kwamba kijana kapata watu.

Baadaye wakawa kumi na tano, Jazi ikawabana. Wakajiita Okestra. Miaka ikapita, askari wakasahaulika, neno bendi likatokwa na aibu, na wao wakawa Bendi. Siku hizi kijana mmoja na kinanda cha umeme anajiita bendi, na hakuna anayeshangaa.

Kila walipobadili neno walileta dramu kwa Brashi. Na hapo ndipo mwiba ulipoingia.

Brashi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Herufi kwake zilikuwa picha. Mteja akija na neno lake, Brashi huitikia, "Njoo kesho," kisha huingia ndani, mkewe anamwandikia kwenye karatasi, naye anainakili kama mtu anavyochora kuku. Hakuna mteja aliyejua. Karatasi ikimaliza kazi aliifutia brashi, akaitupa.

Watu wa jazi walikuwa tofauti. Dramu lao lilikuwa moja tu, hawaliachi. Waliketi pale pale barazani mpaka rangi ikauke, wanapiga soga na kumtazama mkono. Mara ya kwanza wanakuja, Brashi alitoka jasho. Ataingiaje ndani na watu kumi wanamtazama? Lakini Tarumbeta alichomoa karatasi mfukoni. "Mchoro wetu huu, fundi. Fuata hivi hivi."

Brashi akaitazama. Herufi ya mwisho ilikuwa na mkia mdogo, umejikunja kama wa mjusi. Mkia huo aliujua. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeuandika, na mtu huyo alikuwa jikoni anakuna nazi.

Akalipaka, na mkia wake. Mji mzima ukaamini ndivyo Jazi inavyoandikwa. Tarumbeta akaidai karatasi yake, akaikunja, akaondoka nayo. Okestra ikawa vile vile. Bendi vile vile. Mara tatu mwanamume mwingine kaja dukani kwake na mwandiko wa mkewe mfukoni.

Hakuuliza. Angeulizaje? Alichofanya ni kumchukia Tarumbeta kimya kimya kwa miaka arobaini. Akisikia, "Shemeji, hujambo?" na mkewe anacheka, alikoroga rangi mpaka inamwagika. Wimbo wao ukipigwa redioni, alikumbuka kwamba redio inahitaji kupumzika. "Una nini wewe na muziki?" mkewe aliwahi kumuuliza. Akajibu, "Kelele."

Sasa Tarumbeta alikuwa akipapasa mfuko wa koti.

"Nimekuja na mchoro," akasema. "Michoro yote mitatu ninayo."

Akaweka karatasi tatu mezani. Zilikuwa zimegeuka manjano, mikunjo imechanika. Brashi akaiona mikia mitatu. Yeye, aliyelala na mwanamke yule maisha yake yote, hakuwa na hata karatasi moja. Zake alizifutia brashi.

"Umezitunza," akasema.

"Nilizitunza."

"Za nini?"

Tarumbeta akakuna shingo. "Basi tu, kaka."

Brashi akaichukua ile ya Jazi. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi mengine, madogo madogo, mistari minne. Hakuwahi kuuona upande huo.

"Binti!" akaita. Bintiye akatoka ndani, anafuta mikono kwenye kanga. Akatabasamu. "Ee, baba mdogo! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Hata neno hilo, baba mdogo, lilimchoma Brashi. "Soma hapa," akasema. "Kwa sauti."

Binti akautambua mwandiko, tabasamu likakatika. Akamtazama Tarumbeta. "Baba, tuingie ndani kwanza."

"Hapa hapa. Na yeye asikie."

"Msomee," akasema Tarumbeta. Alikuwa ameshavua kofia.

Binti akasoma polepole. "'Shemeji, mpe karatasi hii siku ya kuleta dramu. Sema ni mchoro wenu. Mume wangu hajui kusoma na hapendi watu wajue. Mtu asimcheke. Akikosea, niambie mimi, usimwambie yeye.'"

Barabarani baiskeli ikapita, kengele inalia.

"Ulijua," akasema Brashi.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wenzako?"

"Nani awaambie? Kaniomba mimi peke yangu."

Peke yangu. Hapo Brashi akajikuta pabaya. Miaka arobaini alitafuta siri ya watu wawili, kumbe ipo kweli, na siri yenyewe ni yeye. Alipaswa kushukuru. Neno la asante lilifika mpaka kwenye meno likakataa kutoka. Kwa nini hakumwambia mumewe? Kwa nini huyu ndiye aliyeaminiwa?

"Ulimpenda?" akauliza.

"Baba!" binti akasema.

Tarumbeta akaizungusha kofia mikononi. "Nani hakumpenda, kaka? Lakini yeye hakuwa na habari nyingine. Ukikaa naye dakika tano, nne anazungumza juu yako. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nakosea noti."

Brashi akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile. Akavuta dramu, akapangusa ngozi yake kwa kitambaa, akachukua chaki.

"Ijumaa litakuwa tayari."

"Sawa. Na karatasi zangu?"

"Hupati."

"Kaka!"

"Za mke wangu."

"Nimezitunza mimi! Wewe ungezifutia brashi!"

Binti akaziba mdomo kwa kanga. Brashi alijua ni kweli. Akazitandaza karatasi mezani, akazitazama moja moja kwa muda mrefu. Ile yenye maandishi nyuma akaitia chini ya kopo la rangi. Ya Okestra akaishika, akasita, nayo akaitia hapo hapo. Ya Bendi ikabaki. Ilikuwa na neno moja tu, nyuma nyeupe.

"Chukua hiyo."

Tarumbeta akaikunja taratibu, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Shati lilikuwa na mifuko miwili. Brashi aliona wazi. Akabana meno, akachora mstari wa kwanza.