Mtamba Aliyechechemea kwenye Simu

Mteja mgeni akifika kwenye kibanda cha Eveline pale Mwanjelwa, huanza kwa kuchungulia nyuma ya mwenye kibanda. "Dada, fundi yuko?" Eveline hajibu. Hunyoosha mkono tu apewe simu. Zamani, alipotoka kwao karibu na Tosamaganga na bisibisi tatu alizorithi kwa baba yake, fundi redio, swali hilo lilimuuma. Siku hizi anaona kulijibu ni kupoteza mate bure. Kazi itamjibia.

Ana sharti moja, halivunji hata kwa mteja anayewahi msiba: haanzi kutengeneza simu kabla mwenyewe hajamwonyesha inavyosumbua. Baba yake alikuwa akisema mwenye redio huleta maneno na redio huleta ugonjwa, na ni nadra hayo mawili kufanana.

Jumanne moja ya masika akaingia Mzee Asukile, Mnyakyusa mrefu mwenye koti na fimbo. Nyuma yake alikuwa Prisca, binti wa mdogo wake, macho yamemwiva kwa kulia.

"Sikuja kutengeneza simu," mzee alitangaza hata kabla ya salamu. "Simu yangu nzima. Ng'ombe ndiye mbovu. Huyu kaniburuta tu."

Prisca ndiye aliyeeleza. Alichumbiwa na Dastan, kijana wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu. Mahari ni ng'ombe watano. Kwa desturi mkubwa wa ukoo angekwenda zizini kuwakagua kwa macho yake, lakini goti la mzee limegoma na njia za bondeni ni tope tupu. Basi Dastan akawapiga video wakipita mmoja mmoja, maana ng'ombe hukaguliwa akitembea. Mzee aliitazama mara tatu akakata shauri: wa nne ni kilema, na watu wanaotoa kilema kwenye mahari hawana heshima. Saa kumi angempigia Zabron, baba yake Dastan, amwambie posa imekufa. Na saa tisa ilikuwa imeshapita.

"Dada, nisaidie," Prisca alisema. "Huyu akishatamka, harudishi neno."

"Baba, nionyeshe," Eveline akasema.

Mzee akabonyeza. Mtamba mwekundu, yule ng'ombe wa nne, alitokea, akapiga hatua mbili, akaganda na mguu mmoja juu. Picha ikaruka, akaonekana mbele zaidi, kichwa chini, kisha akaganda tena. Sauti yenyewe haikuganda. Dastan alisikika vizuri kabisa: "Pole, mama. Pole."

"Umesikia?" Mzee aligonga fimbo chini. "Hata mwenyewe anampa pole! Mimi nimechunga ng'ombe tangu sijang'oa meno ya utoto. Kwa mguu ule siozeshi mtoto."

Eveline alirudisha video nyuma kidogo. Nyuma ya mtamba kulikuwa na yangeyange, ndege mweupe anayefuata ng'ombe. Alikuwa ananing'inia hewani na mabawa yake wazi, haendi wala haanguki.

"Na huyu, Baba? Naye mguu unamuuma?"

Mzee alisogeza miwani. Prisca alicheka, kisha akajiziba mdomo.

"Ng'ombe wako siwajui," Eveline alisema. "Simu ninazijua. Inayochechemea ni hii. Nipe nusu saa."

Mzee alikaa kwenye stuli akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wana majibu. Eveline hakumsikiliza, mikono yake ilishaanza. Hali ya kubana chaji ilikuwa imewashwa tangu mwaka jana, maana mpwa mmoja alimwambia mzee inatunza betri. Inaitunza kweli, ila simu inabaki kutambaa. Video ilihifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu iliyochoka, na ndani ya simu hapakuwa na pa kuweka hata sindano.

"Kuna picha za maua za 'asubuhi njema' zaidi ya mia nane humu. Nifute?"

"Kwaya yangu usiguse!"

"Kwaya inabaki, Baba. Ni maua tu."

"Maua futa."

Alifuta, akafunga programu zilizokuwa zikijiendesha chinichini, akazima ule ubanaji wa chaji. Akahamisha video kutoka kwenye kadi hadi ndani ya simu, kisha akaizima na kuiwasha upya. Ilipowaka hakuijaribu mwenyewe. Alimrudishia mzee. Alikuwa na hofu kidogo, lazima tuseme kweli, kwa sababu kama mtamba ni kilema, simu nzima ingeonyesha kilema vizuri zaidi.

Yangeyange aliruka, akatua mgongoni mwa ng'ombe. Mtamba mwekundu alikuja akitembea, akasimama, akainua mguu. Hapo ndipo video ilipokuwa ikiganda. Sasa ikaendelea. Dastan aliweka simu juu ya nguzo ya zizi, akapiga goti kwenye tope na suruali yake safi, akaushika mguu ule mikononi. "Pole, mama. Pole." Akachomoa mwiba, akamwonyesha ng'ombe kana kwamba anamtolea ushahidi, akaurusha mbali. Mtamba akaondoka akikanyaga sawasawa miguu yote minne.

Mzee Asukile alirudia kipande hicho. Akakirudia tena. Prisca alishindwa kuangalia simu, akawa anamwangalia baba yake mkubwa usoni.

Saa kumi kamili mzee akapiga simu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza nyanya.

"Zabron, ndaga, asante. Ng'ombe nimewaona. Huyo mwekundu mtangulize mbele." Akakohoa, akafuta miwani kwa pindo la koti. "Na huyo kijana aliyemtoa mwiba, uje naye. Nataka kumpa mkono mimi mwenyewe."

Prisca alilia tena, safari hii bila kujificha. Eveline alikuwa ameshanyoosha mkono kwa mteja mwingine, mgeni, aliyekuwa akichungulia nyuma yake.

"Dada, fundi yuko?"

"Ndiye huyo," Mzee Asukile alijibu, akimwelekezea fimbo.