Kichwa cha tripod tulichompelekea ndege wa Kibuyuni

Ulikuwa ule mwaka unga ulipotushinda bei, tukala muhogo wa nazi asubuhi na muhogo mkavu jioni, mpaka kitukuu changu akauita pilau.

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni. Mliobaki, marahaba. Shule niliishia darasa la tatu, lakini haya nimeyaona mwenyewe na siongezi chumvi.

Mjukuu wangu Mwanasha hupiga picha za ndege. Pwani hii hana mpinzani, na asiyekubali alete wake.

Kambi moja ya watalii kule Diani ilimwambia: tuletee picha ya yule ndege mweupe, mweusi mgongoni, akila kaa, tukupe kazi. Na ndege wenyewe walikuwa karibu kurudi kwao ng'ambo.

Lenzi ya kuazima, nzito kama mtoto aliyeshiba. Tripod, ile miguu mitatu ya kamera, tunayo, kichwa cha kuikalishia lenzi hatuna. Tukaenda Ukunda.

Kijana wa duka, mtu wa bara, akasema, "Shosho, lens kubwa hivi inataka gimbal."

"Shosho yuko kwenu. Mimi ni bibi."

Gimbal ni chuma kilichopinda kama kiwiko, lenzi hukaa ndani kama mtoto kwenye bembea. Mwanasha akakikataa. Akachukua ball head, kile cha gololi, kidogo, chepesi.

"Bibi, mbebaji ni wewe."

"Nimebeba mwani mbichi na mimba ya babako tumboni, nitashindwa na kichuma?"

Hakunisikia.

Tukafika Kibuyuni, maji yametoka. Analenga, anakaza, anaachia mkono, lenzi inainama polepole kama mzee anayesinzia kwenye hotuba. Picha ikatoka tope tupu, ndege hayumo. Akikaza zaidi, ndege anatembea na kichwa hakigeuki. Mwanasha akalia.

Tukakirudisha, kijana akatubadilishia.

"Nilikuambia, Shos..."

"Bibi."

"Bibi."

Safari ya pili nikajitwika gimbal juu ya kata ya leso. Wakuu, asubuhi ile bahari haikuwa na mwisho. Mawingu yalikuwa chini ya nyayo zetu, ndani ya maji yaliyobaki mchangani, nikaona kama natembea mbinguni, ndala mkononi. Lenzi ikawa haina uzito. Mwanasha anaisukuma kwa kidole, inamfuata ndege. Akiiachia, inatulia palepale.

Lakini ndege katupa mgongo. Maji yakaja kwenye vifundo, yakaja magotini. Nimeikumbatia miguu ya tripod.

"Bibi, twende! Lenzi ya watu!"

"Mimi siondoki mpaka ndege ageuke."

Akageuka. Kaa mdomoni, anarusharusha miguu, matone yanang'aa.

Kazi akaipata.

Funzo: lenzi nzito ipeni gimbal, gololi ibebe lenzi fupi. Na msimhurumie bibi kabla hamjamuuliza. Mwenye lake aseme, hata kunitukana, ila kwa adabu.

Sasa babake Mwanasha anataka nihamie kwake Mombasa, ati magoti yangu. Jana kaleta gari mpaka mchangani. Ndege wamerudi, na mmoja alikuwa amesimama mbali kule, ametupa mgongo.

"Mama, panda twende."

"Mimi siondoki mpaka ndege ageuke."